Mgagani, mnavu, mlenda au nderema: uanze na ipi kwenye ndoo zako?

Mtu mwenye ndoo nne barazani hana sababu ya kupanda mchicha. Mchicha uko kila genge, umechumwa alfajiri, na bei ya fungu lake haimtishi mtu. Sukuma wiki kwa mama mboga wa Nairobi ni habari hiyo hiyo. Ndoo zako ni chache, maji unayalipia, na muda wa kumwagilia ni ule mfupi kabla hujatoka kwenda kazini. Ziwekee basi kitu ambacho sokoni hukipati, au ukikipata kimeshashinda juani na kunyauka. Raha ya bustani ndogo iko hapo: kuchuma magharibi mboga ambayo nusu ya wapangaji wenzako wanaijua kwa jina tu, na nusu nyingine waliila mara ya mwisho kwa bibi zao.

Nimechukua nne za majani niziweke pamoja. Kuna mgagani, ambao Wakenya wengi wanauita saga au chinsaga. Kuna mnavu, yaani managu. Kuna mlenda ule unaoitwa mrenda magharibi mwa Kenya, na ambao Wamisri huupika kwa jina la mulukhiya. Halafu kuna nderema, mboga inayotambaa, yenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Mnanaa, mchaichai na wenzao nitawagusa baadaye.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Hujawahi kupanda chochote? Chukua nderema. Una jua la kutwa na unataka kula ndani ya mwezi na nusu? Mlenda. Uko nyanda za juu penye baridi? Mnavu. Mgagani uache uwe wa pili au wa tatu, hata kama ndio unaoupenda kuliko yote. Mwenye nafasi ya kusoma, sababu zangu ni hizi.

Mbegu au kipande

Mboga hizi zikitajwa, maneno huwa ni vitamini na damu. Kwa mpanzi wa nyumbani tofauti kubwa iko mahali pengine kabisa, nayo ni namna mmea unavyoanza. Watatu kati ya hawa wanne huanzia kwenye mbegu, na kila mmoja ana ukaidi wake. Wa nne anataka kisu tu.

Mgagani ndio mkaidi kuliko wote. Mbegu yake ikitoka kwenye ganda huwa imelala. Ukiisia mbichi hivyo, itaota moja moja au isiote kabisa. Inahitaji kukaa kavu miezi mitatu au zaidi ndipo iamke. Kwa hiyo ukipewa mbegu na mtu, swali la kwanza ni za lini, na jibu zuri ni "za msimu uliopita". Kisha inataka joto, na inataka giza: ifunike kwa udongo mwembamba, usiiache juu juu kama watu wafanyavyo kwa mchicha. La mwisho, usiisie kitaluni ukitarajia kuhamisha miche. Mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja, na mche ukishang'olewa hudumaa au hufa. Sia pale pale utakapokula.

Mlenda nao una ganda gumu, lakini dawa yake iko jikoni. Weka mbegu kwenye chujio la chai, zichovye kwenye maji yaliyotoka tu kuchemka kwa sekunde tano hadi kumi, halafu zipitishe kwenye maji baridi. Zianike kidogo zisigandamane, uzisie siku hiyo hiyo. Ukipita hatua hii utapata miche michache hapa na pale na utamlaumu aliyekuuzia. Tahadhari kwa anayetafuta mbegu Dodoma au Singida: kule mlenda ni zaidi ya mmea mmoja, kwa hiyo mwambie muuzaji unataka ule wa majani marefu yenye meno pembeni, unaotoa maua madogo ya njano.

Mnavu uko katikati. Mbegu zake zimo ndani ya tunda lililoiva, na sukari ya tunda ikibaki juu ya mbegu huzuia kuota. Ponda matunda yaliyoiva kabisa, yaache kwenye maji siku moja hivi, osha mpaka mbegu zibaki safi, anika kivulini. Ukishamaliza hayo, mnavu ni mpole: unaota kitaluni, unahamishika bila kununa baada ya wiki nne mpaka sita, na miche yake wakati mwingine huuzwa ikiwa tayari. Kwa Tanzania zipo aina zilizopewa majina, kama Nduruma na Olevolosi, zilizotokana na kazi ya tawi la Kituo cha Mboga Duniani lililopo Arusha. Hizo ni za jani pana. Ule wa majani madogo na matunda ya rangi ya chungwa ni jamii nyingine, na una uchungu wake unaopendwa na wazee. Kwa ndoo mimi ningechukua jani pana, kwa sababu mche mmoja unatoa majani ya maana.

Sasa nderema. Kata kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 20 hadi 30, vua majani ya chini, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu huku pingili mbili zikiwa ardhini, kiweke kivulini. Wiki moja au mbili kimeshashika. Hakuna mbegu iliyolala, hakuna chujio, hakuna kitalu. Dukani huendi: unaangalia uzio wa nani una kamba za nderema unabisha hodi. Wengine wameipanda kama ua la ukutani na hawajui kwamba huliwa, hivyo unaweza kuondoka na kipande na ukaacha nyuma mapishi. Iko ya shina la kijani na ya shina jekundu. Ya pili inapendeza zaidi barazani. Jikoni sioni tofauti ya kunifanya nichague.

Joto, baridi na jua la mahali pako

Hapa ndipo Dar es Salaam na Nairobi zinapoachana, na ushauri wa rafiki wa mji mwingine unapoweza kukupotosha.

Pwani, kuanzia Mtwara mpaka Mombasa, mlenda na mgagani wako nyumbani. Mgagani hutumia jua kwa njia ile ile ya mahindi na mchicha, njia inayofanya kazi vizuri mwanga ukiwa mkali na joto likiwa juu. Upe jua la kutwa. Kivulini unarefuka, unalegea, majani yanakuwa haba. Usichokitaka ni maji kusimama. Masika ikikolea, ndoo isiyotoboka vizuri huuozesha mizizi ndani ya siku chache, kwa hiyo wa pwani hufanya vizuri zaidi na mgagani wakati wa vuli au mara masika ikipungua. Mlenda unavumilia unyevu zaidi kidogo, ila jua nao unalitaka lote.

Mnavu pwani ni kazi. Unataka maji kila siku, unataka kivuli cha mchana, na hewa ikikauka utitiri mwekundu hujificha chini ya majani na kuyageuza ya njano yenye madoa. Ukiamua kuupanda hivyo hivyo, uweke upande unaopata jua la asubuhi tu na unyunyizie maji chini ya majani. Panda juu uone tofauti: Arusha, Lushoto, Mbeya, Nairobi, Kericho, mnavu hukua kwa raha zake na jani huwa pana na laini. Huko ni mgagani unaoteseka. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 unasimama, na usiku wa Juni na Julai Nairobi hushuka chini ya hapo. Mlenda pia hununa.

Mwenye kibaraza cha ghorofani kinachopata jua nusu siku abaki na nderema au mnavu. Nderema inapenda joto lakini haigombani na kivuli. Majani yake kivulini huwa mapana zaidi. Nyanda za juu itakua polepole, ila haitakufa.

Jambo moja kuhusu mnavu ambalo wengi hulipuuza: ni ndugu wa nyanya na bilinganya, na magonjwa yao ni mamoja. Udongo ulioua nyanya zako kwa mnyauko usiujaze kwenye ndoo ya mnavu. Vidukari nao wanaupenda. Maji yenye sabuni kidogo, jioni, yanatosha ukiwawahi. Kuhusu mgagani kuna habari ya kuvutia: umefanyiwa utafiti katika mashamba ya maua ya waridi kama mmea wa kufukuza utitiri mwekundu, kutokana na harufu ya vinyweleo vyake. Mimi huupanda karibu na mnavu kwa sababu hiyo, ingawa sikuahidi kwamba ndoo mbili zitafanya kazi ya shamba.

Italisha kwa muda gani

Mgagani ni mgeni wa muda mfupi. Wiki nne mpaka sita tangu kusia unaanza kuchuma, na kabla hujazoea tayari umetoa maua. Ukishatoa maua majani hupungua na kukakamaa. Kuna njia ya kuuchelewesha: vunja vitumba vya maua kila uvionapo, na usiache udongo ukauke, maana kiu huharakisha maua. Hata hivyo utasia tena. Anayetaka mgagani mfululizo asie ndoo moja, wiki tatu baadaye asie nyingine. Uzuri wake ni kwamba ukiuacha mche mmoja ukomae, maganda hupasuka yenyewe na msimu ujao utaota ulipotaka wenyewe, hata kwenye ufa wa sakafu.

Mlenda nao huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita, ila una subira kidogo kuliko mgagani. Kata ncha, acha shina la kiasi cha shubiri moja na majani ya chini, utachipua pembeni. Baada ya mikato michache shina hugeuka kuwa mti. Si ajabu, huu ni ndugu wa jute, mmea unaotoa nyuzi za kushonea magunia, na wenyewe pia hulimwa kwa nyuzi hizo.

Mnavu unakaa miezi. Chuma ncha kila wiki au wiki mbili, toa maua, ongeza mboji au samadi iliyooza vizuri, nao utaendelea kupanuka. Unakula sana, mnavu wenye majani madogo ya njano mara nyingi ni mnavu wenye njaa.

Nderema haina tarehe ya mwisho. Ikishika, utasubiri wiki sita hadi nane, halafu utachuma mwaka mzima na kuendelea. Ina tabia ya kutoa maua siku inapokuwa na mwanga chini ya saa 13, na kwetu siku ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo muda wote inataka kuzaa. Dawa ni ile ile ya kukata ncha. Ukiachia vishada vichache havidhuru, ila matunda yake ya zambarau iliyoiva huwapaka watoto mikono na nguo, na rangi hiyo haiachii kirahisi.

Kiasi cha chakula ni suala la peke yake. Majani yote hunywea sufuriani, na mgagani hunywea kuliko matarajio ya mtu. Ndoo moja ya mgagani ni ya kuonja au ya kuchanganya na kunde. Chakula cha familia hapo hakuna. Ndoo moja ya lita 20 yenye nderema iliyopanda ukutani inaweza kutoa mboga ya jioni mara kwa mara. Kwa hesabu ya sufuria, nderema imeshinda, mnavu wa jani pana unafuata.

Ladha

Kwa ladha naugeuza mpangilio wote. Mgagani ndio wa kwanza, na umbali ni mkubwa.

Una uchungu, kweli, lakini ni uchungu wenye harufu na kina, unaoufanya ugali uwe na sababu. Magharibi mwa Kenya na kwa Wagusii huchemshwa, hutiwa maziwa, na kuachwa mpaka kesho yake ndipo uliwe. Maziwa huuvunja uchungu na mboga hunona. Huku kwetu wengi hutia karanga za kusaga. Usukumani huanikwa, ukapikwa kiangazi. Kama unaogopa uchungu, changanya nusu kwa nusu na mnavu. Chuma majani machanga kabla ya maua. Ya baada ya hapo yana ukali usiosamehe.

Mnavu unapendwa na watu wengi zaidi kwa sababu hauna makali. Kitunguu, nyanya, maziwa au krimu kidogo, basi. Majani madogo yale machungu huchemshwa kwanza na maji kumwagwa. Matunda mabichi ya kijani msile, na mwenye watoto wadogo ayavunje yakiwa vitumba, kwa sababu yana sumu.

Mlenda hauna watu wa katikati. Anayependa bamia ataupenda, anayekimbia utelezi asiupande kwa ajili ya afya maana utamkalia kwenye ndoo mpaka uwe kuni. Chembe ya magadi huulainisha haraka. Kwa dagaa na ugali wa mtama hauhitaji maelezo. Magharibi mwa Kenya huchanganywa na kunde ili kunde ziteleze kidogo, na huo ni mwanzo mzuri kwa anayejaribu.

Nderema ni ya kupika haraka. Tui zito, kitunguu, majani yanaingia mwisho, dakika chache unaepua. Ikikaa motoni nayo huteleza, ingawa haifiki mlenda. Ladha yake ni ya kawaida, sitamdanganya mtu. Watoto huikubali kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye historia ya mawe ya figo asiifanye ya kila siku, kwa kuwa ina oksaleti. Kuichemsha na kumwaga maji hupunguza.

Viungo, kwa haraka

Kanuni ya mbegu na kipande inafanya kazi hapa pia, tena kwa urahisi zaidi. Mchaichai: omba shina moja lenye mizizi kidogo, lichomeke, kwa miezi michache una kichaka cha chai ya nyumba nzima. Mnanaa: kitawi kwenye glasi ya maji, kisha ndoo yake peke yake, kwa sababu hutambaa na kuwanyanyasa wengine, unataka unyevu na kivuli cha mchana. Giligilani, ambayo wengine wanaijua kama kotimiri au dania, ni ya mbegu, na pwani kwenye joto la Januari hukimbilia maua kabla hujaichuma mara mbili. Wa Dar wasubiri kipupwe. Wa Nairobi na Lushoto hawana neno.

Kati ya mrehani na kivumbasi, mrehani ni wa jikoni na wa kikuba (kishada cha kunukia cha kujipamba), kivumbasi ni wa kuwekwa karibu na mlango au dirisha. Nguo ikikigusa ukipita, harufu inakufuata mpaka ndani, na watu wa pwani wamekitumia siku nyingi kufukuzia mbu. Hakihitaji matunzo, hivyo kama una ndoo moja ya ziada isiyo na kazi, kipe.

Walio mbali

Muscat kalenda inageuka: msimu wa mboga ni wa baridi, kuanzia Oktoba hivi, na mlenda ndio rahisi kuupata kwa sababu mbegu zake huuzwa kwa jina la mulukhiya. Uingereza na Ulaya ya kaskazini, mnavu hukua vizuri kiangazi. Nderema huko hufurahia siku ndefu, haitoi maua mapema, lakini baridi ya kwanza ya umande kuganda huiua. Kata vipande Septemba uvilaze ndani dirishani. Mgagani nje kule siushauri bila kibanda cha plastiki.

Ndoo zenyewe

Ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha kwa yote manne, ikioshwa vizuri na kutobolewa matundu chini na pembeni kidogo juu ya kitako. Mgagani unataka kina kwa ajili ya mzizi wake, angalau sentimita 30. Mlenda unaridhika na beseni kuukuu. Nderema inataka kitu cha kupanda: kamba ya katani, nondo za dirishani, wavu wa uzio. Gunia lenye nguzo ya kokoto katikati linafaa zaidi kwa mnavu, unaopandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Kama ndoo ni nne na uko pwani, ningezigawa hivi: mbili nderema na mlenda, moja mgagani wa vuli, moja mchaichai. Ukiwa nyanda za juu: mbili mnavu, moja nderema upande wenye joto, moja giligilani, na mgagani uje Septemba baridi ikiondoka. Mche mmoja wa mgagani uache uzae, na maganda yakianza kuwa ya njano yafunge kwa kitambaa chepesi kabla hayajapasuka. Andika mwezi kwenye bahasha ya mbegu, ili usizisie kabla miezi mitatu haijaisha.